Mtungi wa Exekias: Achilles na Ajax wanacheza nini, na kwa nini mmoja ana nne na mwingine tatu?

#1 Mchanga_wa_Pwani

Habari wakuu. Kwa wanaofuatilia vyombo vya udongo vya Ugiriki ya kale, naomba tuuchambue mtungi mmoja tu: ule wa Exekias, mfinyanzi na mchoraji wa Athens, uliopo Vatikani, Museo Gregoriano Etrusco, namba 16757. Kimo chake ni sentimita 61 hivi. Ulifinyangwa Athens kati ya 540 na 530 K.K., ukaja kufukuliwa Vulci, Italia, kwenye ardhi ya Waetruski.

Upande mmoja Achilles na Ajax, mashujaa wawili wa Kigiriki wa vita vya Troy, wamekaa wakitazamana, katikati yao pana kigogo kifupi kama meza. Wamevaa deraya, kila mmoja ameshika mikuki miwili. Achilles, kushoto, chepeo (kofia ya vita) iko kichwani. Ajax yuko kichwa wazi, chepeo chake kimekaa juu ya ngao nyuma yake. Mbele ya mdomo wa Achilles pameandikwa TESARA, nne. Mbele ya mdomo wa Ajax pameandikwa TRIA, tatu.

Hoja yangu: hii si picha ya askari waliopumzika, ni picha ya kifo. Nne imeishinda tatu, na aliyeshindwa ndiye atakayejiua baadaye. Exekias ametangaza matokeo mapema. Karibuni mpinge.

#2 Kibuyu

Napinga hapo hapo. Anayetangulia kufa ni Achilles, tena kwa mshale wa Paris, kabla Troy haijaanguka. Ajax anamfuata. Kama namba ndiyo hukumu, mwenye nne alipaswa kuishi zaidi. Hoja yako inasimama tu ukimtazama Ajax peke yake na kumsahau mwenzake.

#3 Nyaraka

Kabla hatujafika kwenye kifo, tukumbuke kuwa mchezo huu haumo kwenye tenzi za Homer, si Iliad wala Odyssey. Michezo yenyewe imo. Iliad kitabu cha 23 mzimu wa Patroklos, rafiki wa Achilles, unakumbusha kwamba alipokuwa mtoto alimuua mwenzake kwa hasira wakicheza vifupa vya kifundo. Odyssey kitabu cha 1 wanaume wanaomposa Penelope, mke wa Odysseus, wanacheza kete mbele ya mlango, wamekalia ngozi za ng'ombe. Lakini Achilles na Ajax kuketi pamoja kucheza, hakuna.

Kwa hiyo tuna njia mbili. Ama palikuwa na utenzi mwingine wa vita vya Troy ambao haukutufikia, ama Exekias ameitunga tukio mwenyewe. Wanaotetea utenzi uliopotea wanaleta Aristophanes: katika tamthilia ya Vyura, iliyoonyeshwa 405 K.K., kuna mstari unaosema Achilles ametupa kete, mbili zikatoa moja moja na nyingine ikatoa nne. Wanaotetea ubunifu wa mchoraji wanajibu kwamba hiyo ni zaidi ya miaka 120 baada ya mtungi, na kwa muda huo picha yenyewe ingeweza kuwa imezaa hadithi.

#4 Mzee_wa_Kete

Nyaraka umegusa vifupa halafu ukapita. Rudi. Kifupa cha kifundo cha mguu wa kondoo au mbuzi kina pande nne tu zinazoweza kukaa juu, na Wagiriki walizihesabu 1, 3, 4 na 6. Hakuna 2, hakuna 5. Sasa tazama mtungi: nne na tatu. Zote mbili zinapatikana kwa kifupa kimoja kimoja. Dadu la pande sita nalo linatoa nne na tatu, kwa hiyo sidai kwamba nimemaliza kesi, ila wanaoandika "dadu" bila kusita wamekimbilia upande mmoja.

Kuna na uwezekano wa tatu: mchezo wa kete juu ya ubao, ambapo unarusha kwanza kisha unasogeza. Hapo namba si ushindi, ni hatua. Anayetaja nne leo anaweza kupigwa mzunguko unaofuata. Hii inabomoa hoja ya #1 kuliko alivyobomoa Kibuyu.

#5 Mchanga_wa_Pwani

Nimewasoma. Lakini mnaeleza kifaa, hamwelezi kwa nini mchoraji aandike namba wakati angeweza kuacha. Nafasi kwenye uso wa mtungi ni finyu. Mtu hapotezi mahali pa kuweka namba isipokuwa tofauti ya nne na tatu ina kazi.

#6 Ngazi_ya_Mawe

Kazi inaweza kuwa ya kisiasa. Mwanaakiolojia John Boardman alileta maelezo haya mwaka 1978. Mwanahistoria Herodotus, kitabu cha 1, anasimulia Peisistratos, mtawala aliyekuwa amefukuzwa, alivyorudi kuitwaa Athens, mapigano ya Pallene, kama 546 K.K. Jeshi la Athens lilikuwa limeshakula chakula cha mchana, wengine wamelala, wengine wanacheza dadu, na hapo ndipo walipovamiwa. Miaka michache baadaye Exekias anachora mashujaa wawili wakubwa wa Wagiriki wakiwa wamezama mchezoni, silaha mkononi. Kwa Mwathens wa siku zile picha hiyo ingeuma, au ingemfariji: hata Achilles alisahau vita.

Ushahidi wa ziada ni mitungi ya baadaye. Tukio hili lilirudiwa zaidi ya mara 100 na wachoraji wengine, na nyingi kati ya hizo zina Athena, mungu wa kike wa Athens, amesimama katikati ya wachezaji, mara nyingi kama anayewaita waamke.

#7 Kibuyu

Ngazi, Athena hayumo kwa Exekias. Ukichukua alichoongeza mchoraji wa miaka 20 au 30 baadaye ukakirudisha kwenye mtungi wa kwanza, unamsomea Exekias wazo la mtu mwingine. Na mtungi ulichimbuliwa Vulci. Tajiri wa Kietruski alihitaji nini na aibu ya Pallene?

#8 Ngazi_ya_Mawe

Kuchimbuliwa Vulci hakumaanishi ulitengenezwa kwa ajili ya Vulci. Kwenye mtungi huo huo kuna sifa ya kijana aitwaye Onetorides, kwamba ni mzuri. Hilo ni jina la Athens, la kusomwa na watu waliomjua. Kuna mafundi waliolenga soko la Waetruski waziwazi, Nikosthenes ndiye mfano bora: alichukua umbo la mitungi myeusi ya Kietruski, lile lenye mashikio mapana bapa, akalitengeneza Athens na kulipeleka Cerveteri. Ukiona umbo la Nikosthenes, mnunuzi anajulikana. Umbo la mtungi wa Exekias ni la kawaida la Athens.

#9 Bi_Mtungi

Naomba mgeuze mtungi, wakuu. Nyote mko upande mmoja. Upande wa pili wako Kastor na Polydeukes nyumbani kwao, pamoja na wazazi, Leda na Tyndareos. Farasi ana jina lake limeandikwa, Kyllaros. Mbwa anamrukia Polydeukes. Leda ameshika ua. Baadhi ya wataalamu wanasema wanarudi, wengine wanasema wanaondoka. Ni pacha ambao mmoja ni mtu wa kufa na mwingine hafi, na baadaye wanagawana uhai. Wawili huku, wawili kule, na pande zote mbili kifo kinasubiri. Mimi naona hilo linampa nguvu Mchanga, ila si kupitia namba.

#10 Kalamu_Nyembamba

Niongeze jambo la mchoro, maana mnasoma maandishi mnasahau mistari. Mikuki minne inashuka kwa mshazari na kuelekea mezani. Migongo ya wachezaji imepinda kufuata tumbo la mtungi. Ngao nyuma yao zinapokea mashikio ya mtungi pande zote mbili. Jicho halina pa kwenda isipokuwa kwenye vidole na kete. Na chepeo cha Achilles kinamfanya awe juu kuliko Ajax bila kumrefusha mwili. Ukubwa wa cheo umeonyeshwa kwa kishungi.

Na yale mashuka! Nyota, maua na misokoto kwenye mavazi yamekwanguliwa kwa ncha ya chuma, mstari baada ya mstari. Kosa moja halifutiki. Unapokwangua unaondoa tabaka jeusi hadi udongo wa chini uonekane. Uji, yaani udongo laini wa majimaji uliopakwa ili kuchora, ukiwa bado mbichi, ncha inauburuta na kuacha kingo zenye matuta. Ukikauka kupita kiasi, kingo zinabanduka vipande vipande. Fundi alikuwa na muda mfupi wa kufanya kazi ile yote, na ilimbidi autawale unyevu wa mtungi mzima usitofautiane upande na upande.

#11 Jua_la_Asubuhi

Samahani kwa swali la chini. Hiyo nyeusi ni rangi gani? Nimesoma mahali kwamba ni masizi ya moshi.

#12 Tanuri_Moto

Si swali la chini, ndilo lililowasumbua wataalamu hadi karne ya 20. Si masizi na si rangi. Nyeusi na nyekundu ya mtungi ule zinatokana na chuma kilichomo kwenye udongo ule ule wa Attika, eneo la Athens. Masizi yangeungua yakaisha katika hatua ya mwisho ya kuchoma. Mkemia wa Ujerumani, Theodor Schumann, ndiye aliyeifumbua siri hii na kuitangaza mwaka 1942.

Kuna uchomaji mmoja wenye hatua tatu.

Kwanza, tanuri lina hewa ya kutosha. Tundu la juu wazi, kuni kavu. Joto linapanda hadi karibu nyuzi 800 za Selsiasi. Mtungi wote, mwili na mchoro, unakuwa mwekundu kwa sababu chuma kimeshiba oksijeni.

Pili, tundu linafungwa na mlango wa kuni unazibwa baada ya kuingiza kuni mbichi au majani mabichi. Moto unakosa oksijeni, unatoa kaboni monoksaidi, na hiyo inainyang'anya chuma oksijeni yake. Joto linafika kati ya 900 na 950. Mtungi wote sasa ni mweusi au kijivu. Katika joto hili uji laini wa mchoro, wenye chembe ndogo mno na potasiamu nyingi, unaanza kuyeyuka na kuwa kioo. Mwili wa mtungi una chembe kubwa, kwa hiyo unabaki na vitundu.

Tatu, matundu yanafunguliwa tena joto likianza kushuka. Oksijeni inaingia. Mwili wenye vitundu unaivuta na kurudi mwekundu. Mchoro umeshajifunga, oksijeni haipenyi, unabaki mweusi wenye mng'ao.

#13 Jua_la_Asubuhi

Asante sana. Walijuaje hatua imefika bila kipimajoto?

#14 Tanuri_Moto

Kwa rangi ya moto kupitia tundu la kuchungulia, na kwa vigae vya majaribio. Walichukua kipande cha chombo kilichovunjika kabla ya kuchomwa, wakakitoboa, wakakipaka uji, wakakiweka karibu na tundu. Kwa ndoana ya chuma wanakivuta nje. Kikitoka cheusi chote, hatua ya pili imekamilika. Kikitoka na mwili mwekundu na mchoro mweusi, funga kazi. Vigae hivyo vimechimbuliwa Athens. Na ukitaka kuona tanuri lenyewe, kuna mabamba ya udongo ya karne ya 6 K.K. kutoka Penteskouphia karibu na Korintho, yamechorwa tanuri la kuba, mlango wa kuni, na fundi amepanda juu akishughulika na tundu la moshi.

#15 Ukungu_wa_Ziwa

Mimi nataka kujua inavyoharibika. Kila mtu anaeleza inavyofaulu.

#16 Tanuri_Moto

Orodha ni ndefu, nitaje yanayoonekana makumbushoni ukijua pa kutazama.

Mabaka mekundu au ya kahawia ndani ya nyeusi: uji ulipakwa mwembamba mno, au moshi haukufika pale kwa sababu chombo kingine kilikigusa. Ndani ya vikombe utaona duara jekundu katikati. Hilo ni alama ya kitako cha kikombe kilichopangwa juu yake tanurini.

Mtungi mweusi upande mmoja na mwekundu upande wa pili: hewa iliingia kwenye ufa wa tanuri wakati wa hatua ya pili.

Mwili wa kijivu badala ya nyekundu: hatua ya tatu ilikatishwa mapema, au joto lilishuka haraka mno.

Mchoro kugeuka mwekundu wote: hatua ya pili haikufika joto la kuufunga uji, kwa hiyo oksijeni iliupenya sawa na mwili. Hii ndiyo hasara kubwa, maana kila kitu kiko sawa isipokuwa nyuzi chache za joto.

Vishimo vya duara vilivyoruka: punje za chokaa kwenye udongo. Zikichomwa zinakuwa chokaa hai, kisha zinavuta unyevu, zinavimba na kurusha kibanzi, wakati mwingine siku kadhaa baada ya tanuri kufunguliwa.

Nyeupe na zambarau zinazodondoka: zile ziliwekwa juu ya nyeusi, hazikuyeyuka pamoja nayo. Ndiyo maana ngozi nyeupe za wanawake kwenye mitungi mingi zimebaki kivuli tu.

#17 Ukungu_wa_Ziwa

Safi. Na huo uji unatengenezwaje? Toa vipimo.

#18 Tanuri_Moto

Kwa jaribio la leo: maji ya mvua au yaliyochujwa lita 3, udongo mkavu wenye chuma kilo 1.5, sodiamu silikati gramu 7 hadi 8. Yeyusha sodiamu silikati kwenye maji kwanza, ndipo utie udongo, koroga vizuri. Acha bila kuguswa saa 20 hadi 24. Yatajitenga matabaka matatu: juu maji, katikati uji laini, chini tope zito. Vuta lile la katikati kwa mpira mwembamba. Usimimine, ukimimina unalichafua kwa tope. Mililita 100 zikiwa na uzito wa gramu 115 hivi, uko pazuri kwa kuchovya. Kwa kuchora unaacha maji yapungue hadi brashi iweze kutembea bila uji kutiririka.

Wagiriki hawakuwa na sodiamu silikati ya dukani. Maji ya majivu ya kuni yana potashi, nayo inazifanya chembe zisukumane zisigandane. Kazi ni ile ile.

Udongo wenyewe ndio kikwazo. Lazima uwe na chuma cha kutosha na chokaa kidogo. Udongo wa Korintho ni mweupe-manjano kwa sababu chuma chake ni kidogo, ndiyo maana mitungi ya Korintho haina ule wekundu wa Athens. Na msitumie tanuri la umeme kwa hatua ya pili kama mnalipenda: kukosa oksijeni kunakula nyaya zake. La gesi ni rahisi zaidi, unafunga hewa kwa vali.

#19 Mzee_wa_Kete

Uzi wa kete umekuwa karakana, na mimi sina malalamiko. Ila Tanuri, umesema "uchomaji mmoja" kana kwamba wote wamekubaliana. Kuna wanaosema baadhi ya vyombo vilichomwa zaidi ya mara moja.

#20 Tanuri_Moto

Ni kweli, na mgogoro uko hasa kwenye kile chekundu cha kung'aa kinachoitwa nyekundu ya marijani. Exekias mwenyewe aliitumia ndani ya kikombe cha Dionysos, mungu wa divai, kilichopo Munich, namba 2044: Dionysos amelala ndani ya mashua, mzabibu umepanda mlingoti, matawi yana vichala saba, pomboo saba wanazunguka. Nyekundu ile ina mng'ao, lakini haikubaki nyeusi. Kundi moja linasema ulikuwa uji wa aina nyingine wenye chembe kubwa kidogo, hivyo ulipenyeka katika hatua ya tatu. Kundi la pili linasema kilichomwa mara mbili, nyeusi kwanza, nyekundu baadaye. Uchunguzi wa kimaabara wa miaka ya karibuni kwenye vyombo vyenye picha nyekundu (watu wekundu, nyuma yao nyeusi) umeongeza kura upande wa kuchoma mara nyingi, lakini walioiga kwa mikono wanaonyesha kwamba mara moja inatosha.

#21 Bi_Mtungi

Turudi kwa wachezaji wetu kwa mlango mwingine. Boston, Museum of Fine Arts, namba 01.8037. Mtungi wa miaka ya 525 hadi 520 K.K., pande zote mbili Achilles na Ajax wanacheza. Upande mmoja watu ni weusi juu ya udongo mwekundu. Upande wa pili watu ni wekundu na nyuma yao ndiyo nyeusi. Tukio moja, mbinu mbili, mtungi mmoja. Upande mwekundu ni wa yule anayeitwa Mchoraji wa Andokides, ambaye wengi wanampa sifa ya kuanzisha mbinu hiyo. Upande mweusi ni wa Mchoraji wa Lysippides.

#22 Nyaraka

Au ni mtu mmoja. John Beazley, aliyetumia maisha yake kuwatenganisha wachoraji kwa namna wanavyochora sikio, goti na kifundo, alibadili msimamo wake juu ya hawa wawili. Kama jicho lile liliyumba, sisi tuende polepole.

#23 Kibuyu

Kwa hiyo kwa nini waligeuza? Exekias alikuwa amefikisha nyeusi kileleni.

#24 Kalamu_Nyembamba

Kwa mkono wa mchoraji jibu liko wazi: ncha ya chuma inakwangua, haipindi vizuri, na haina unene wa kubadilika. Brashi inapinda. Ukitaka msuli wa tumbo, unyayo uliogeuka mbele, shuka lenye mikunjo, unahitaji mstari unaoweza kuwa mweusi mzito au kahawia hafifu. Uji ukiongezwa maji unatoka kahawia ya asali baada ya kuchomwa, na wao waliitumia kwa misuli midogo na nywele.

Hatua zenyewe: mchoro wa awali kwa kijiti butu au mkaa. Mtaro wa kijiti bado unaonekana ukiinamisha chombo kwenye mwanga. Kisha ukanda wa milimita 3 hivi wa uji kuzunguka umbo lote, ili brashi kubwa ya kujaza nyuma isiingie ndani. Kisha mistari ya ndani. Mwisho kujaza nyuma.

#25 Ngazi_ya_Mawe

Wengine wanaangalia sanamu. Jengo la hazina la Wasifno, watu wa kisiwa cha Sifnos, kule Delphi, karibu 525 K.K., lina sanamu za ukutani ambazo nyuma yake palipakwa rangi nzito, watu wakabaki wepesi. Mwonekano ni ule ule wa picha nyekundu, na mkono wa Mchoraji wa Andokides unafanana na wachongaji wa pale.

#26 Mzee_wa_Kete

Na wako wanaosema ni madini. Michael Vickers na David Gill walidai kwamba vyombo vya udongo viliiga vya thamani: nyeusi ni fedha iliyofifia, nyekundu ni dhahabu, zambarau ni shaba. Kwao, mfinyanzi alikuwa anawapa watu wa kawaida kivuli cha meza za matajiri.

#27 Bi_Mtungi

Hilo sikubaliani nalo kwa upana wake. Mitungi mingi iliyovunjika zamani zile zile iliunganishwa kwa vibanio vya shaba au risasi, mashimo yake yanaonekana. Hakuna anayetoboa na kubana kivuli. Na mafundi waliweka majina yao. Kwenye mdomo wa mtungi wetu wa Vatikani Exekias ameandika kwamba amenichora na kunifinyanga, mtungi ndio unaosema. Huyo anadai heshima ya kazi ya udongo yenyewe.

#28 Kalamu_Nyembamba

Bi Mtungi amenifungulia. Mchoraji Euthymides aliandika kwenye mtungi wa Munich namba 2307, pembeni ya walevi wanaocheza ngoma, akimchokoza mpinzani wake Euphronios: kama Euphronios asivyowahi. Waliokuwa wanashindana namna hiyo walijiona wachoraji, si waigaji wa sufuria za fedha.

#29 Ukungu_wa_Ziwa

Swali jingine la karakana. Ule mstari mweusi unaoinuka, unaoweza kuuhisi kwa kidole kwenye picha nyekundu, ulichorwa kwa nini? Brashi haiinui mstari hivyo.

#30 Kalamu_Nyembamba

Hapo napo kuna kambi tatu. Joseph Veach Noble aliona ni kifaa cha kukamua, kifuko chenye mrija mwembamba, kama koni ya hina. Tatizo ni kwamba koni inaanza mstari kwa kidonge na inamaliza kwa kidonge, na mistari mingi ya Athens inaanza ikiwa imechongoka.

Gerard Seiterle, mwaka 1976, alipendekeza unywele mmoja au michache iliyofungwa kwenye mpini. Unauchovya kwenye uji mzito, unaulaza juu ya udongo, unaunyanyua. Unapata mstari ulionyooka sana, na mara nyingine mfereji katikati pale unywele ulipolala. Mfereji huo upo kweli kwenye vyombo vingi. Ugumu ni mipindo mifupi ya jicho na sikio.

Kambi ya tatu inasema brashi ndefu ya nywele chache inatosha, siri iko kwenye uzito wa uji. Inawezekana kabisa karakana moja ilikuwa na vifaa viwili: mmoja wa mistari mirefu ya mashuka, mwingine wa uso.

#31 Jua_la_Asubuhi

Na mtu akikutana na mtungi usio na majina, anajuaje ni Achilles na Ajax na si askari wowote?

#32 Nyaraka

Mara nyingi hajui, na makumbusho yanaandika majina kwa mazoea. Kwa wahusika wengine kuna vitambulisho: ngozi ya simba na rungu ni Herakles, viatu vyenye mabawa na fimbo ya nyoka wawili ni Hermes, ngozi yenye pindo la nyoka na kichwa cha Gorgon, pamoja na chepeo, ni Athena, majani ya mmea utambaao uitwao ivy na kikombe chenye mashikio marefu ni Dionysos. Kwenye picha nyeusi ngozi ya mwanamke ni nyeupe, na jicho lake ni la umbo la lozi wakati la mwanamume ni duara. Lakini hoplita na hoplita (askari wa miguu wa ngao na mkuki), bila maandishi, ni hoplita wawili. Na maandishi nayo mengine ni herufi zisizo na maana, zimewekwa kujaza nafasi. Someni kwanza, msikisie.

#33 Mchanga_wa_Pwani

Nirudi kwenye hoja yangu nikiwa nimeibadilisha umbo. Kibuyu alisema Achilles anatangulia. Sawa. Lakini angalia kazi nyingine za Exekias. Alichora Ajax akimbeba Achilles aliyekufa. Alichora pia, kwenye mtungi uliopo Boulogne-sur-Mer, Ajax peke yake akiusimika upanga ardhini auangukie, mtende upande mmoja, ngao na chepeo upande wa pili vikimtazama. Wachoraji wengi walionyesha mwili umeshapenywa na upanga. Yeye alichagua dakika ya kutayarisha. Mtu huyo anarudi kwa Ajax tena na tena. Mchezo wa nne na tatu ni sehemu ya mfululizo huo.

#34 Ngazi_ya_Mawe

Au anarudi kwa Ajax kwa sababu Ajax ni wa Salamis, na Athens ilikuwa inakidai kisiwa hicho. Koo kubwa za Athens zilijiita uzao wake. Kleisthenes alipogawa makabila kumi, 508 K.K., moja lilipewa jina la Ajax. Huzuni na siasa hazifukuzani.

#35 Bi_Mtungi

Na msisahau kura. Baada ya Achilles kufa, silaha zake zilishindaniwa na Ajax na Odysseus. Douris, kwenye kikombe cha Vienna namba 3695, amewachora Wagiriki wakipiga kura kwa kokoto mbele ya Athena, lundo la Odysseus ni kubwa, na Ajax amejifunika kichwa pembeni. Kokoto juu ya kigogo, Athena katikati, watu wawili wanaoshindana pande mbili. Linganisheni na wachezaji wenye Athena. Mpangilio ni ule ule.

#36 Mzee_wa_Kete

Hilo la kokoto limenishika. Ila Douris ni kama 490 K.K., na wachezaji wa Exekias walimtangulia kwa karibu nusu karne. Swali ni nani aliazima kwa nani: mchoraji wa kura aliazima mpangilio wa mchezo, au mchezo tangu mwanzo ulikuwa unasomwa kama kura?

#37 Kibuyu

Aliazima mpangilio. Umbo linalokaa vizuri kwenye tumbo la mtungi linatumika tena kwa tukio lolote lenye watu wawili na kitu katikati. Hilo halihitaji maana.

#38 Mchanga_wa_Pwani

Kwenye kikombe cha Douris si tumbo la mtungi, ni ukuta wa kikombe, na watu ni wengi. Kama ni umbo tu lingebadilika kufuata chombo.

#39 Nyaraka

Kwa atakayekwenda Vatikani: simama upande wa Ajax kwanza, mtungi umulikwe kutoka kulia, ndipo utaona mikwaruzo ya shuka lake ilivyo na kina tofauti. Halafu zunguka hadi kwa Kastor na upime kama mkono wa ncha ni ule ule. Picha za mtandaoni zimepigwa mwanga wa mbele, zinaua mikwaruzo yote.